Nani Alimpa Mujibu Kidonge cha Kwanza

Sehemu ya tano

Kwa uliyekosa gazeti la wiki jana, mambo yamefika hapa: Muharami amerudi Makote. Ameshuka na begi moja, kichwa kimenyolewa, na miezi minane bila kugusa kidonge. Miezi yote hiyo alikuwa soba, ile nyumba ya kuwasaidia vijana walionasa kwenye dawa, huko pwani. Alitegemea akifika atalala mpaka achoke kulala. Badala yake alikuta mdogo wake Mujibu, mtoto wa mama yake mkubwa, hajaonekana siku ya tano. Na mashine ya kupulizia mikorosho imeondoka naye.

Tulimwacha mlangoni, mama mkubwa Swaumu amemshika mkono, hamwachii.

"Wewe unawajua hao watu na mahali wanapokaa," alimwambia. "Kaniletee mwanangu."

Muharami akaitikia. Angekataaje? Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo alikula sahani moja na Mujibu, akalala mkeka mmoja na Mujibu. Mujibu alipotoka jandoni, Muharami ndiye aliyembeba begani kumrudisha nyumbani, kina mama wakipiga vigelegele njia nzima.

Ila kulikuwa na jambo ambalo mama mkubwa hakulijua. Kidonge cha kwanza Mujibu alichomeza maishani mwake alikipokea kutoka kiganjani mwa Muharami.

*

Jumatano alfajiri Muharami alikuwa wa kwanza kuamka, kama mtu ambaye hakulala unaweza kusema ameamka. Alizunguka uani. Akachota maji ambayo hakuna aliyeyataka. Akafagia palipofagiliwa jana. Miguu ilikuwa haimtulii.

Halafu ile harufu ikaja.

Majirani walikuwa wameanza kupulizia. Salfa hupulizwa mapema, maua ya mikorosho yakiwa bado na umande na upepo haujaanza. Unga ule wa njano hutanda chini ya majani kama moshi, na harufu yake ni ya kiberiti kilichowashwa kikazimika. Misimu mitatu Muharami alimeza vidonge huku midomo imejaa salfa. Mwili wake haukuwa umesahau. Mate yakamjaa kinywani, viganja vikalowa jasho kwenye baridi ile ya Julai.

Kule soba alifundishwa: hamu ikikujia, mwambie mtu. Akaangaza macho uani. Alikuwepo kuku.

"Nina hamu," akamwambia kuku.

Kuku akaenda zake.

Jua halijachomoza vizuri, akaingia mjomba Faridi, kaka yake Mama Swaumu. Yeye ndiye mwenye mashine, na katika ukoo ule yeye ndiye mwenye neno la mwisho.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umetoka?"

"Nimetoka, mjomba."

"Alhamdulillahi. Mashine yangu iko wapi?"

Mama Swaumu akatokea mlangoni. "Faridi, mtoto hajulikani alipo, wewe unaulizia mashine?"

"Naulizia vyote viwili." Akanyoosha kidole mashambani. "Dada, ule ukungu wa ubwiriunga umeshaingia kwenye maua. Wewe una mikorosho, mimi nina mikorosho, mjane wa Sijaona ana mikorosho, na wote tunategemea mashine moja. Maua yakiungua mwakani tutakula nini, vidonge? Leo Jumatano. Ijumaa tukitoka msikitini, kama mashine haipo hapa, naenda polisi kuandikisha wizi."

"Utamfunga mpwa wako?"

"Nitamfunga mwizi."

Akaondoka hata chai hakunywa. Lakini kabla ya kupanda baiskeli yake, mzee alisimama akaichungulia njia ya kutoka kijijini, kama anayetegemea mtu atokee.

Muharami akaenda kwa jirani yao Selestini, akaazima pikipiki. Aliporudi kuaga, alimkuta mama mkubwa amevaa raba, amejifunga khanga kiunoni, mkononi ana chupa ya uji.

"Mama mkubwa, acha niende peke yangu. Sehemu zenyewe si nzuri kwa mtu mzima."

"Tunaenda wote."

"Lakini..."

"Washa pikipiki, Muharami."

Akawasha. Alijua kila kijiwe kilichopo kati ya Newala na Nanganga. Na kila kijiwe kilikuwa kinamjua yeye, kwa jina ambalo mama mkubwa hajawahi kulisikia.

*

Masasi mjini waliuliza stendi, wakauliza sokoni, wakauliza kwa mafundi wa mashine. Fundi mmoja akasema Mujibu alionekana Chiwata, kwenye kundi la vijana wanaopulizia mashamba ya watu.

Wakageuza kuelekea Chiwata.

Waliisikia mashine kabla ya kuiona. Mama Swaumu akamgonga Muharami bega. "Ile ya Faridi ile. Ina mluzi."

Kweli. Katikati ya mikorosho alikuwepo mwanaume mnene kidogo, mashine mgongoni, kitambaa usoni, mwili mzima wa njano kama mtu aliyeviringishwa kwenye bizari. Alipowaona akazima, akavua kitambaa. Alikuwa Cuthbert, mwenye shamba.

"Dokta!" akapaza sauti. "Dokta wetu umerudi!"

Muharami akainamia pikipiki, akajifanya hajasikia.

"Dokta wa nini?" aliuliza Mama Swaumu.

"Nilikuwa natengeneza mashine zikiharibika, mama mkubwa," Muharami akawahi. "Basi wakawa wananiita hivyo."

Cuthbert alikuwa ameanza kucheka. Akamtazama Muharami, akamtazama yule mama, kicheko kikamwishia njiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi ni Mama Mujibu."

Cuthbert akashusha mashine chini polepole. Akajipangusa uso, akazidi kuupaka salfa.

"Mama, mwanao alikuwa hapa. Juzi aliangukia pale, chini ya mkorosho ule. Alikakamaa, akawa anatupa mikono na miguu, povu linamtoka. Tukadhani kifafa. Alipozinduka akaomba maji, akasema anaendelea na kazi. Nikamkatalia. Mashine nikaizuia mimi, maana nilijua akiondoka nayo ataiacha popote. Si yangu, ichukueni."

"Yeye alikwenda wapi?"

"Aliondoka na Nikolao. Nanganga."

Nikolao. Muharami alimjua kama anavyojua vidole vyake. Yeye na Nikolao ndio waliokuwa wakizunguka mashamba msimu wa salfa, mmoja anatengeneza mashine, mwingine anagawa vile vidonge vyekundu vya maumivu ili vijana waweze kubeba mzigo ule mgongoni kuanzia alfajiri hadi jua la utosi. Baadaye wote wawili wakawa wanagawa. Ndipo vijana walipomwita Muharami Dokta.

Pikipiki ilikuwa moja na mashine ilikuwa nzito. Isingewezekana kubeba watu wawili na mashine juu yake. Muharami akaona mlango wa kutokea.

"Mama mkubwa, wewe baki hapa ulinde mashine. Mimi nikimbie Nanganga, nitakupitia jioni. Kesho mjomba anaipata mashine yake, kesi inakwisha."

Mama Swaumu hakuiangalia hata hiyo mashine.

"Mashine haina mama," akasema. "Twende."

*

Nikolao alikuwa na kibanda cha soda na vocha pembeni mwa barabara, na nyuma ya kibanda stoo ya mkaa. Muharami alimkalisha mama mkubwa kwa muuza maandazi, hatua chache kabla.

"Nisubiri dakika tano. Akikuona atakimbia."

Akaenda. Nikolao alikuwa amenenepa. Alivaa fulana nyeupe, safi, kama mtu asiyewahi kushika jembe.

"Dokta mwenyewe! Niliwaambia vijana, Muharami atarudi. Kule soba wanawalisha maharage tu."

"Mujibu yuko wapi?"

"Hata salamu hakuna?"

"Nikolao, yuko wapi?"

Nikolao akatia mkono mfukoni, akautoa, akaukunjua chini ya meza. Viwili vyekundu.

"Vya kukukaribisha nyumbani. Kunywa na soda, tuzungumze kama wanaume."

Ndugu msomaji, Muharami aliuangalia mkono ule na akauona wake.

Ilikuwa mwaka juzi, mwezi kama huu, shamba la bondeni. Mujibu alikuwa na miaka kumi na tisa na ulikuwa msimu wake wa kwanza kubeba mashine. Mikanda ilikuwa imemchubua mabega. Saa mbili asubuhi alikaa chini akalia machozi kabisa, akasema anarudi nyumbani, watu wamcheke wakitaka. Mikorosho iliyobaki ilikuwa mingi. Muharami angeweza kumwambia, "Nenda, mdogo wangu, ukapumzike." Akamwambia, "Meza hiki. Mgongo hutausikia tena."

Na kweli Mujibu hakuusikia. Alisimama, akabeba, akaimba mpaka saa sita. Muharami akafurahi. Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna kule soba usiku na mchana, kwamba siku ile alifurahi, akajiona kaka mzuri.

Sasa mate yalikuwa yanamjaa. Alirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, akaushika mmoja kwa mwingine.

"Sitaki. Nipe mdogo wangu."

"Mdogo wako hataki kuonwa na mtu."

"Nipe mdogo wangu, Nikolao, au..."

Hakumaliza. Ukelele ulitoka nyuma ya kibanda.

"Nnungu wangu! Mungu wangu! Mwanangu!"

Mama Swaumu hakuwa amesubiri hata hizo dakika tano. Alikuwa amezunguka nyuma, akafungua milango ya watu mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika stoo ya mkaa.

Muharami alimkuta amepiga magoti kwenye vumbi jeusi. Mujibu alikuwa sakafuni katikati ya magunia, mwili umekakamaa kama ubao, kisha ukaanza kurukaruka. Macho yamegeuka. Mama yake anajaribu kumshika kichwa kisigonge ukuta.

"Mlaze ubavu, mama mkubwa! Usimtie kitu mdomoni! Mlaze ubavu!"

Walimlaza. Ikapita dakika moja, ndefu kama ibada. Mwili ukalegea. Mujibu akakoroma.

Muharami alipotoka mbio kutafuta gari, kibanda kilikuwa kimeshafungwa. Nikolao hayupo. Chupa moja ya soda ilikuwa bado inatoka povu juu ya meza.

Aliyesimama ni Christopher, dereva wa pikapu iliyobeba makopa. Hakuuliza maswali. Walimpandisha Mujibu juu ya magunia ya mihogo ile mikavu, mama yake akakaa akampakata kichwa, na Muharami akafuata nyuma kwa pikipiki, anameza vumbi, anaomba dua zote anazozijua na kurudia zile fupi.

*

Kituo cha afya hakikuwa na foleni. Aliyewapokea ni nesi Cecilia, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alimchoma Mujibu sindano, akamtundikia dripu, akamfunua macho akayamulika. Kisha akachukua daftari.

"Amemeza nini?"

Mama Swaumu akamtazama Muharami.

"Tramadoli," Muharami akasema. "Vile vyekundu vikali."

"Vingapi kwa siku?"

"Hatujui, nesi," alisema Mama Swaumu. "Sisi tumemkuta tu hivyo. Ni makundi, ni hao marafiki wa mashambani."

"Mama, nisikilize. Degedege hili linaletwa na vidonge hivyo vikizidi. Akiongezewa hata kimoja linaweza kurudi, na likirudi anaweza asiamke. Dripu hii na dawa nitakazompa zinategemea ametumia kiasi gani na kwa muda gani. Kuna mtu yeyote anayejua alianza lini?"

Nje mtu alikuwa anapiga pampu ya maji, chuma kinalia.

Muharami alianza kutembea. Mlangoni, dirishani, mlangoni. Alitaka kutoka. Alitaka kusema anakwenda kuangalia pikipiki. Pikipiki ilikuwa inaonekana pale pale dirishani, haina tatizo lolote.

"Kijana, kaa chini," nesi akasema.

"Mwaka juzi," Muharami akasema. "Mwezi wa saba. Alianza kimoja kwa siku, asubuhi. Mwezi wa nane viwili. Msimu ulipokwisha hakuacha. Wakati mimi naondoka kwenda soba alikuwa anameza sita, saba. Sasa hivi lazima vimezidi kumi."

Kalamu ya nesi ilikuwa inakimbia. "Una uhakika na hiyo tarehe ya kuanza?"

"Nina uhakika."

"Umejuaje?"

Muharami hakuthubutu kumtazama mama mkubwa. Aliitazama dripu, tone moja, tone jingine.

"Mimi ndiye niliyempa."

Nesi Cecilia akaacha kuandika. Akavaa miwani, akawatazama wote wawili, akaandika mstari mmoja zaidi. Halafu akatoka taratibu, akaufunga mlango.

Mama Swaumu hakupiga kelele. Muharami alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa kofi, hata kwa laana. Mama yule alisogeza tu shuka ya Mujibu mguuni, palipokuwa wazi.

"Shamba la bondeni?" akauliza.

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekwenda kupika uji."

"Uji niliuleta."

"Uliuleta."

"Nikamkuta anaimba." Alikuwa anaongea na ile shuka. "Nimemwacha analia, nimerudi anaimba na mashine mgongoni. Nikajua kuna kitu. Mimi si mjinga, Muharami. Jioni nafua suruali yake, nikakuta ganda la vidonge mfukoni."

Muharami akainua uso. "Ukafanya nini?"

"Nikalitupa chooni. Nikarudi nikamalizia kufua."

Pampu kule nje ikanyamaza.

"Alikuwa anapulizia mikorosho kama watu watatu," akaendelea. "Tangu baba yake afe sijawahi kupata korosho vile. Nikaezeka bati. Nikasema moyoni, nikimuuliza ataacha kazi. Basi sikumuuliza. Wewe ulipopelekwa soba watu walikuja kunipa pole, nikazipokea. Nikawaambia wa kwangu ana afadhali."

"Mama mkubwa..."

"Usiniite kwa sauti hiyo. Usidhani nimekusamehe. Sijakusamehe, na leo sina nafasi ya kulifikiria hilo." Akajipangusa uso kwa pindo la khanga, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. "Nimekwambia ujue tu."

Simu yake ikaita. Sauti ya mjomba Faridi ilisikika mpaka dirishani.

"Mashine?"

"Tumeiona. Iko Chiwata."

"Ileteni."

"Faridi, mwanangu kalazwa. Ameanguka."

Sauti ya mjomba ikapungua. "Yu hai?"

"Yu hai."

"Alhamdulillahi. Dada, nimetoka shambani kwako sasa hivi. Maua ya upande wa chini yameshaanza kuwa meusi. Na mjane wa Sijaona ameshakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, anasema Mujibu ameiuza mashine. Mimi nikitulia, yeye hatatulia. Watamfuata hapo hapo kitandani. Niletee mashine niwazibe midomo."

Mama Swaumu akakata simu. Akatazama nje. Christopher alikuwa bado anafunga turubai la makopa yake, na safari yake ilikuwa ya Masasi.

"Nitashukia Chiwata, niichukue mashine niifikishe Makote," akasema. "Kesho mchana nimerudi hapa. Utakaa naye wewe."

"Mimi?"

"Unamwona mwingine?"

"Mama mkubwa, baada ya haya niliyokwambia, unaniachia mimi?"

Alimsogelea karibu sana. Muharami akasikia harufu ya mkaa kwenye khanga yake.

"Usingesema, nisingekuachia," akamwambia. Akaiweka ile chupa ya uji juu ya meza, akatoka, hakugeuka nyuma.

*

Saa kumi jioni Mujibu akafumbua macho.

Muharami alikuwa amesimama. Muda wote tangu mama mkubwa aondoke alikuwa amesimama, ametembea, ameinama kusikiliza pumzi, ametembea tena. Nesi Cecilia alikuwa amemkanya mara mbili: mgonjwa akiamka ataomba, atalia, atadanganya. Asipewe kitu chochote, hata dawa ya kichwa, bila yeye kuitwa.

"Kaka," Mujibu akasema.

"Naam, mdogo wangu."

"Mama yuko wapi?"

"Amefuata mashine Chiwata. Kesho anarudi."

"Ameniona nikiwa vile?"

"Amekuona."

Mujibu akafumba macho, machozi yakapita kwenye vumbi la mkaa lililobaki mashavuni. Alikuwa amekonda. Shingo ilikuwa ya mtu mwingine, ya mzee.

"Anajua?"

"Nimemwambia, Mujibu. Nimemwambia ni mimi niliyekuanzisha."

Mujibu akageuza kichwa ghafla. Muharami alitegemea kuona nafuu kwenye uso ule, labda hata shukrani. Alikuta hasira.

"Umemwambia kwa nini? Nani alikutuma? Mimi sikukutaja. Wamenipiga, mjomba amenifunga kamba mwezi wa pili, wananiuliza nani, nani, sikukutaja. Miaka miwili! Kitu hicho kimoja tu ndicho nilichokuwa nacho cha kujisifia, umekitoa."

Muharami akasogeza kiti, akakaa kwa mara ya kwanza, akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na unatoka jasho. Akajua yanayokuja, aliyapitia mwenyewe: kwanza baridi, kisha mifupa, kisha tumbo.

Yalikuja. Nusu saa baadaye Mujibu alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta.

"Kaka, nivue kiatu."

"Una joto?"

"Nivue tu. Cha kulia."

Muharami akamvua raba, ambayo katika haraka ile hakuna aliyeikumbuka, akaiweka sakafuni. Ndani ya soksi kulikuwa na kitu kigumu, kimefungwa kwenye nailoni. Akakitoa kabla akili haijamwambia asikitoe. Fundo lilikuwa limelegea, likafunguka lenyewe kiganjani.

Vyekundu. Vipya.

"Kimoja tu," Mujibu akasema, meno yanagongana. "Kimoja changu cha kutuliza hii baridi, kimoja chako. Nimekuona unavyotembea, kaka. Huna amani hata wewe. Hakuna atakayejua. Kesho mama akija atatukuta tumelala kama zamani."

"Nesi amesema ukimeza utakufa."

"Nesi hajawahi kubeba mashine."

Choo kilikuwa mwisho wa varanda. Hatua ishirini, labda ishirini na tano. Muharami alisimama aende akavimwage. Akapiga hatua moja. Ya pili ikawa nzito. Nailoni ilikuwa imefunguka na ile harufu ndogo ya dawa, ambayo mtu mwingine hawezi kuinusa, ikampanda puani ikachanganyika na salfa iliyokuwa kwenye nguo za Mujibu. Kinywa kikajaa. Sauti ndani yake, tulivu kabisa, yenye adabu, ikamwambia: meza wewe vyote, basi. Ukivimeza wewe, yeye hatavipata. Utakuwa umemwokoa.

Na akaona hoja ile ina maana.

Ndala zikasikika kwenye varanda.

"Kaka, ficha!"

Muharami akafumba ngumi. Nesi Cecilia akasukuma mlango, sahani ya dawa mkononi. Akamtazama mgonjwa. Akatazama raba moja sakafuni na mguu ulio wazi. Akaitazama ngumi.

"Umeshika nini?"

Muharami akaisogeza ngumi nyuma ya paja.

"Kijana, fungua mkono."

"Usifungue!" Mujibu alikuwa anajaribu kukaa, dripu inavutika. "Muharami, ukifungua mimi na wewe si ndugu tena! Naapa, si ndugu!"

Nesi akaweka sahani chini, akanyoosha kiganja chake mbele, akasubiri.

Mkono wa Muharami ukaanza kupanda. Yeye mwenyewe akawa anautazama unavyopanda, taratibu, bado umefumbwa, na hakujua kama unakwenda kwa nesi au unakwenda mdomoni.